Nyumba ya pili uani: kibali cha nyumba ya mbele hakiifuniki ya nyuma (yaliyonikuta Mbeya)

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo tangu mwaka juzi. Leo nimepita mtaa wa pili nikamwona mtu anachimba msingi nyuma ya nyumba yake, tofali zimeshamwagwa, na nilipomuuliza kibali cha ujenzi akanijibu maneno yale yale niliyoambiwa mimi na fundi wangu. Nimeona niandike yote. Uzi ni mrefu, ila kama una kiwanja chenye nafasi nyuma, usome.

Niko Mbeya mjini, upande wa Iyunga. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 25, kimepimwa, hati ninayo, kodi ya pango la ardhi nalipa kila mwaka. Nyumba ya mbele ina mita 11 kwenda nyuma na 10 upana. Mama yangu alikuwa anaishi peke yake Tukuyu, miguu imeanza kumsumbua, na mvua ya kule mnaijua. Hakutaka kulala chumba kimoja na wajukuu. Alitaka mlango wake, jiko lake na choo asichopangia foleni. Nikaamua kumjengea chumba, sebule, jiko na choo uani.

Fundi akaniambia, "Kibali cha nini tena, si nyumba ipo na kibali chake? Hili ni banda tu." Nikakubali, maana lilikuwa jibu nililotaka kusikia. Tukaanza Agosti ili tuwahi kupaua kabla ya mvua za Novemba. Tofali za kuchoma zikaja, msingi ukakaa, ukuta ukapanda mpaka usawa wa lenta.

Siku moja asubuhi wakaja maafisa wawili pamoja na mtendaji wa mtaa. Sikubishana, nikaingia ndani nikatoa kabrasha langu lenye kibali cha mwaka 2014. Yule afisa mwanamke akalifungua taratibu, akakunjua ramani juu ya rundo la mchanga, akaweka kidole. "Kaka, hapa imeandikwa nyumba moja ya kuishi, na nyumba yenyewe ndiyo hii iliyochorwa. Hiyo ya nyuma haimo." Akanionyesha upande wa pili wa karatasi, masharti ambayo sikuwahi kuyasoma tangu nilipoyapokea. Wakapiga X nyekundu ukutani, wakaniachia ilani ya kusimamisha kazi.

Basi hilo ndilo ninalotaka mlishike kabla ya mengine yote: kibali hakitolewi kwa kiwanja, kinatolewa kwa jengo lililochorwa. Kwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake, na uendelezaji wa ardhi ndani ya eneo hilo unahitaji idhini yake. Jengo jipya uani ni uendelezaji mpya, hata kama tunaliita banda, hata kama anakaa mama mzazi na hatoi kodi hata shilingi.

Sasa kilichoniuma zaidi. Jioni ile, baada ya maafisa kuondoka, jirani yangu wa nyuma akaniita upande wake. Ni mama mtu mzima, hajawahi kunipandishia sauti. Akanipeleka nyuma ya jiko lake. Ukuta ni wa tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, kama nyumba nyingi za zamani huku kwetu. Kozi (safu za tofali) tatu za chini udongo ulikuwa umetoka kati ya tofali na tofali. Nikaingiza kidole, kikazama chote, na tofali moja ikacheza. Chini yake palikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na matone. Ni maji ya paa la banda la kuku nililoegesha pale mpakani kwa miaka mitatu. Mimi kwangu ni pakavu, sikuwahi kujua. Na ukuta wangu mpya nilikuwa nimeuweka sentimita 60 kutoka mpakani, paa lake lingemwagia pale pale, tena maji ya nyumba nzima.

Akaniuliza tu, "Mwanangu, sasa mimi nipikie wapi?"

Tulibomoa ukuta wa nyuma wote. Tofali zaidi ya 900 zilivunjika. Sikusubiri nisukumwe, maana kwa nilichokiona pale jikoni nisingeweza kulala.

Mtoa mada (inaendelea)

Nilivyoanza upya, kwa utaratibu.

Kwanza bikoni, yaani mawe ya mpaka yanayowekwa na wapima. Sikuwa najua mpaka wangu hasa uko wapi, nilikuwa najenga kwa kufuata uzio wa michongoma uliopandwa na mtu aliyeniuzia. Nilimwita mpima, tukaanza kutafuta mawe manne. Matatu yalipatikana haraka. La nne, kona ya nyuma kulia, tulichimba chini ya mparachichi kwa jembe zaidi ya saa nzima, mpaka likagonga: kipande cha zege kimelala chini kama sentimita 30, chuma katikati kimeshika kutu, na herufi zimezibwa na mizizi. Uzio ulikuwa umeingia kwa jirani kwa karibu nusu mita. Ina maana ukuta wangu niliodhani uko sentimita 60 kutoka mpakani, upande ule ulikuwa karibu kugusa mpaka wenyewe.

Pili, hesabu ya nafasi. Ukiacha mita 5 za mbele na nyumba yenye mita 11, nyuma nabakiwa na mita 9. Ramani ya kwanza ya fundi ilikuwa ya mita 7 kwa 6. Mchoraji aliyesajiliwa akaipunguza ikawa 7 kwa 5, ili nyuma ibaki mita 1.5 hadi mpakani na kati ya nyumba mbili ibaki mita 2.5. Majengo yote mawili yanafunika mita za mraba 145 katika 500. Kiasi gani cha kiwanja kinaruhusiwa kufunikwa, na uache mita ngapi kila upande, kunategemea kiwanja chako kiko kundi gani, kikubwa, cha kati au kidogo. Usichukue vipimo vyangu ukavipeleka kwako. Nenda mezani kwa afisa mipango miji na nakala ya ramani ya upimaji, akuandikie vya kwako.

Tatu, shimo la maji taka. Hapa wengi tunaanguka. Shimo la nyumba ya mbele karibu kila mara liko nyuma, pale pale unapotaka kujenga. Langu lilikuwa linaangukia chini ya sebule ya mama. Na likijaa, gari la kunyonya litapeleka wapi mpira wake? Ilibidi tusogeze jengo na kuacha njia ubavuni, na nyumba mpya ikapata chemba zake zinazoingia kwenye shimo jipya lililoko mahali gari linafikika.

Nyaraka nilizopeleka: ramani za jengo zikionyesha na nyumba iliyopo, nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango, na fomu iliyopita mtaani. Siku hizi maombi yanaingizwa mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI (wizara inayosimamia halmashauri). Ndani ya halmashauri faili linazunguka: ardhi wanaangalia umiliki na madeni, mipango miji wanaangalia matumizi na nafasi, afya wanaangalia choo na madirisha, mhandisi anaangalia uimara. Ukiwa na deni la pango la ardhi, faili linasimama hapo hapo. Lipa kwanza.

Mdau wa Iringa

Kamwene mtoa mada. Niko Kihesa, huku kila uani kuna vyumba vya wanafunzi wa vyuo. Mimi nataka vyumba sita vya kupangisha nyuma ya nyumba. Ni sawa na hilo lako la mama?

Mtoa mada

Kamwene mkuu. Angalia kwanza hati yako imeandika matumizi gani. Kama ni makazi, nyumba ya pili ya familia au mpangaji kukaa chumba na sebule bado ni makazi. Vyumba sita mstari mmoja, choo cha pamoja, kila mwanafunzi na mkataba wake, hapo afisa anaweza kukuambia hiyo ni hosteli na inahitaji maombi ya kubadili matumizi, safari nyingine yenye ada yake. Mweleze ukweli tangu mwanzo. Ramani ikisema "nyumba ya familia" halafu kumbe kuna milango sita inayotazama uwanja, utakuwa na kibali cha jengo ambalo hukulijenga, na hapo umerudi nilipokuwa mimi.

Mdau wa Mwanjelwa

Ndugu, kwa heshima, mtaa wetu mzima umejengwa uani bila karatasi na hakuna aliyebomolewa. Unawatisha watu. Kibali ni pesa na muda, mwenye shida ya chumba leo atafanyaje?

Mtoa mada

Sijakasirika kaka, nami nilisema hivyo hivyo. Naomba tuache X pembeni, tuongelee baridi ya Juni.

Wewe unaishi huku, unajua saa mbili usiku mwezi wa sita na wa saba hali inakuwaje. Watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango, wanalala. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Sasa chukua chumba cha uani kilichobanwa: dirisha la nyuma linatazama ukuta wa jirani kwa sentimita 60, kwa hiyo halifunguliwi maana linaingiza unyevu na panya, dirisha la mbele linatazama choo cha nyumba kubwa, nalo limefungwa. Pale ndipo mkaa unapoua. Zile mita tunazoambiwa tuache ni za dirisha kufunguka. Na ni za mtu kupita na ndoo ya maji pakishika moto, kwa sababu gari la zimamoto litaishia barabarani, haliingii uani kwako.

Kuhusu muda, nakubaliana nawe kabisa. Mimi faili langu lilikaa, nikaambiwa njoo kesho mara nyingi kuliko nilivyotegemea, na mara moja karatasi ilipotea ikabidi nitoe nakala upya. Iliniuma kwa sababu mama alikuwa anasubiri. Kama ofisi zinataka watu wafuate sheria, na zenyewe ziwajibu watu kwa wakati. Nililisema hilo dirishani na nalirudia hapa.

Mdau wa Iyela

Mtoa mada naomba ushauri. Hati ina jina la baba, bado yuko hai, amenipa uani nijenge nikae na familia yangu. Nimeshaweka akiba ya kutosha. Wadogo zangu wako watano. Nijenge?

Mtoa mada

Hapa naomba unisikilize vizuri mdogo wangu, ni pazito kuliko kibali.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaposema ardhi, inajumuisha na majengo yaliyoshikamana nayo moja kwa moja. Maana yake nyumba utakayojenga kwa jasho lako kwenye kiwanja chenye jina la baba itahesabiwa pamoja na kiwanja. Siku mzee akiondoka (Mungu ampe umri mrefu), msimamizi wa mirathi ataandika "kiwanja na majengo yake", na wadogo zako watano watakuwa na haki ya kuuliza. Utaanza kutafuta risiti za saruji mahakamani. Nimeona familia nzuri zikiacha kusalimiana kwa jambo hili.

Kaa na mzee, mama awepo, na wadogo zako wote wawepo, hata walioko mbali wapigiwe simu. Yaandikwe, yasainiwe, mashahidi wawepo, na ikiwezekana mwanasheria ayaweke sawa. Kama kiwanja ni kikubwa cha kutosha na kila kipande kitapata njia yake, ulizia kukigawa ili upate hati yako. Hiyo nayo inapita halmashauri, na viwanja vingi vya mjini havitoshi. Kuna pia Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, ambayo inaruhusu hati za sehemu kwenye jengo au majengo yaliyoko kiwanja kimoja. Mwulize mwanasheria kama inakufaa.

Na maombi ya kibali yataingia kwa jina la mwenye hati. Kwa hiyo hata ukitaka kufanya kimyakimya haiwezekani, baba lazima asaini. Afadhali asaini na wadogo zako wanajua.

Mdau wa Itezi

Na sisi ambao hatujapimwa? Kiwanja changu kiko mteremkoni, chini kuna kijito.

Mtoa mada

Pole mkuu, na Itezi mnajua kuliko mimi. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka mlima Kawetere likafunika nyumba huko kwenu. Kwa hiyo mtu akikata mlima apate sehemu tambarare ya nyumba ya pili, awaze na udongo anaouachia wima nyuma yake.

Mambo mawili hayangoji upimaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au kijito. Na kama uko kando ya barabara kuu, kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba yako ya kwanza hata ikiwa nje ya mistari hiyo, ya pili unaweza kuiingiza ndani bila kujua, maana uani ndiko unakoteremkia kijitoni. Kanyaga na tepu kutoka ukingo wa maji, upime.

Kwa ambaye hajapimwa, fuatilia urasimishaji (mpango wa kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila kupimwa) mtaani kwako, jina lako liwemo kwenye orodha. Na kabla timu ya upimaji haijapita, usizibe kinjia kwa jengo la uani. Ramani ya mtaa inatafuta njia, na aliyejenga njiani ndiye anayebomoa.

Fundi wa Soweto

Mimi ni fundi, nasoma uzi huu tangu mwanzo. Mtoa mada umesema kweli kuhusu sisi, wapo wanaosema "banda tu" ili kazi isiwakimbie. Niongeze la paa. Kwa mvua zetu, nyumba ya uani iangushie maji ndani ya kiwanja chako, sio kwa jirani, hata kama umeacha mita zako. Paa la mgongo mmoja linaloshukia upande wa nyumba kubwa, weka mfereji wa bati, pitisha kwenye simtanki. Ila hapo kati ya nyumba mbili lazima kuwe na njia ya maji yatakayozidi, la sivyo msingi wa nyumba kubwa utakunywa maji msimu mzima na plasta itaanza kupukutika chini. Pandisha msingi wa nyuma na ujue maji yanatoka wapi kabla hujamwaga jamvi (zege la sakafu).

Mtoa mada

Asante sana fundi. Kwangu ndivyo tulivyofanya, ukiacha njia ya maji. Hiyo tuliikumbuka mvua ya kwanza ilipopiga, tukachimba mtaro tukiwa tumelowa. Wanaosoma wachimbe mapema.

Mdau wa Sae

Vipi umeme? Mita moja au mbili?

Mtoa mada

Mama ana LUKU yake. Tulitaka asigombane na wajukuu kuhusu pasi. Ujue kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo mita ya pili nayo inakatwa.

Mdau wa Sae

Rekebisha hapo mkuu. Tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu.

Mtoa mada

Uko sahihi kabisa, nimeangalia risiti ya mama, ni 1,500. Asante. Kwa nyumba ya pili iliyo halali hiyo haki yao. Ila kama ni mita mbili kwenye nyumba moja, au mita ya pampu tu, nenda ofisi inayosimamia kodi ya majengo na namba za mita ukaeleze, wasikukate mara mbili kwa jengo moja.

Mdau wa Iringa

Na yule mama jirani mliishiaje?

Mtoa mada

Kabla sijarudi kwenye msingi wangu nilimtengenezea ukuta wake. Tulitoa zile kozi za chini kipande kwa kipande, tukiegemeza juu kwa mbao, tukarudishia kwa saruji. Zile tofali zangu zilizopona ubomoaji nyingi ziliishia pale. Mei mwaka jana mvua ilipokata tukachimba upya, kibali nimekibandika kwenye bati getini. Oktoba mama akahamia. Mlango wake unatazama mashariki, asubuhi anatoa kigoda kwenye zile mita mbili na nusu, anachambua mboga juani. Siku nyingine jirani anapita kwa mlango wa uzio wanakaa wote wawili, wanaongea Kinyakyusa.

Mdau wa Iyunga

Ndaga fijo mtoa mada. Nadhani mimi ndiye uliyenikuta nachimba leo. Nilikujibu vibaya, samahani kaka. Mafundi nimewaambia kesho wasije. Hati ninayo ila ramani ya upimaji sijui iko wapi, na bikoni sijawahi kuziona.

Mtoa mada

Hujanijibu vibaya hata kidogo. Nakala ya ramani ya upimaji utaipata idara ya ardhi ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, zimeandikwa kwenye hati. Kesho saa kumi nikitoka kazini napita kwako na tepu na jembe. Tuanze na ile kona ya mgomba, nikipita pale niliona udongo umeinuka.